Treni ya Addis Ababa na Majina ya Vyombo Vyetu

Tembea uone, walisema wahenga. Mimi ningeongeza: na usikie. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusomesha isimu, mji mgeni humwingia kwanza kwa masikio. Leo nataka kumsimulia msomaji, hasa mwalimu na mwanafunzi, niliyoyasikia na kuyaona nilipoipanda treni ya jiji la Addis Ababa mwaka 2016, wakati ilipokuwa ingali mpya, pamoja na somo ninaloliona humo kwa lugha yetu ya Kiswahili.

Tuanze na chombo chenyewe. Treni hiyo ilizinduliwa mwezi wa Septemba mwaka 2015. Ina njia mbili, moja ya kaskazini na kusini, nyingine ya mashariki na magharibi, na kwa jumla zina urefu wa takriban kilomita 34 na vituo 39. Ujenzi wake uligharimu dola milioni 475 za Marekani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo kutoka China. Haitumii mafuta wala makaa. Huendeshwa kwa umeme unaotoka kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya reli. Wataalamu huiita reli nyepesi. Wepesi huo si udhaifu, bali ni kwamba mabehewa yake ni madogo na hayabebi mzigo mzito kama treni za safari ndefu.

Nilipandia kituo cha Stadium, katikati ya jiji. Tiketi ya karatasi nilikatiwa katika kibanda kilichokuwa kando ya kituo. Nauli wakati huo ilikuwa kati ya birr 2 na birr 6 kulingana na umbali, bei ambayo hata kibarua aliweza kuimudu. Kilichonishangaza kwanza ni utulivu. Treni iliondoka pasipo kishindo, ikapanda juu ya daraja refu, na mara tukawa tunalitazama jiji kwa chini. Huko barabarani niliziona teksi ndogo za rangi ya buluu na nyeupe, na makanga wao, ambaye kwa Kiamhari huitwa woyala, akichomoza kichwa dirishani kunadi anakoelekea. Hapana shaka kwamba hata Mkenya asiyejua neno moja la Kiamhari angemtambua mtu huyo mara moja.

Ndani ya treni walikuwemo wanafunzi na vitabu vyao, akina mama waliojitanda shela nyeupe na wazee walioegemea bakora. Lakini kilichoniteka zaidi ni majina ya vituo, yaliyoandikwa kwa hati ya Kiethiopia na chini yake kwa herufi za Kirumi. Kituo kilichofuata kiliitwa Legehar. Nililitamka jina hilo taratibu, nikagundua kuwa ni Kifaransa kilichovaa shuka la Kihabeshi: la gare, yaani stesheni. Reli ya kale ya kutoka Djibouti, iliyojengwa na Wafaransa, ilifika Addis Ababa mwaka 1917. Wenyeji walilisikia neno, wakalitia ulimini mwao, na likawa lao. Kisha kikaja kituo cha Mexico, jina linalotukumbusha nchi ambayo ilikataa kuutambua utawala wa Italia nchini Ethiopia katika miaka ya 1930. Mbele zaidi kipo Sebategna, yaani ya saba. Sikio la Mswahili haliwezi kukosa kuisikia saba yetu humo, kwani Kiamhari ni jamaa ya Kiarabu, nasi tuliichukua saba yetu kutoka Kiarabu. Karibu na mwisho wa njia kuna Atikilt Tera, mahali pa wauza mboga. Kwa hakika, anayepanda treni hiyo huwa anasoma historia ya jiji kituo baada ya kituo.

Jambo jingine lilinifurahisha. Kijana mwanafunzi aliyeketi kando yangu tulizungumza kwa Kiingereza. Nilipomwuliza masomo yake huanza saa ngapi, alinijibu kwamba ni saa mbili asubuhi. Mgeni kutoka Ulaya angedhani kijana huyo husoma usiku wa manane! Mimi sikuhitaji kufafanuliwa. Waethiopia, kama Waswahili, huanza kuzihesabu saa jua linapochomoza, na hata neno lao se'at ni ndugu wa saa yetu. Tulicheka sote wawili, tukajiona watu wa nyumba moja.

Ndipo nilipomwuliza wanaiitaje treni. Akanijibu: babur. Neno hilo lina nasaba na vapore la Kiitaliano, yaani mvuke. Nasi tunasema garimoshi. Tazama ajabu hiyo: Mhabeshi aliliitia chombo hicho mvuke, Mswahili akakiitia moshi, na sasa treni ya Addis Ababa haina mvuke wala moshi, ilhali jina linadumu. Wapo wanaodai kwamba majina ya namna hii yamepitwa na wakati na yafaa kutupwa. Mimi sikubaliani nao. Jina si picha ya kitu. Nauli ilikuwa malipo ya chombo cha baharini kabla ya kupanda basi. Abiria kwa asili yake ni mpita njia. Kituo ni mahali pa kutua mzigo. Maneno haya yalihama kazi bila kupoteza heshima yake. Neno hufa kwa kukosa watumiaji, si kwa kuzeeka kwa maana.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Matatu ni jina lililozaliwa barabarani kutokana na senti thelathini za nauli ya zamani, na hakuna kamati iliyolitunga. Wenzetu wa Dar es Salaam walipoanza kutumia mabasi ya njia maalumu mwaka 2016, jina rasmi lilikuwa Mabasi Yaendayo Haraka, lakini wananchi walisema mwendokasi, na mwendokasi likashinda. Nasi huku Nairobi tumekuwa tukizungumzia mipango ya mabasi ya aina hiyohiyo kwa miaka mingi, na karibu kila mara tunaitaja kwa herufi tatu za Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Je, lugha rasmi isiyokuwa na jina la chombo kinachombeba mwananchi kila asubuhi ni rasmi kwa nani?

Msomaji mmoja huenda akauliza: majina yana faida gani chombo kinapoharibika? Swali hilo ni la haki, tena Addis Ababa yenyewe inatulazimu kulijibu. Katika miaka iliyofuata, treni nyingi kati ya zile 41 za mwanzo ziliegeshwa kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuvinunulia. Kampuni za China ndizo zilizopewa kandarasi ya kusimamia uendeshaji katika miaka ya mwanzo huku wenyeji wakifunzwa. Lugha peke yake haitengenezi breki, na mkopo haulipwi kwa msamiati. Hata hivyo, mafunzo ya fundi hupitia katika lugha. Chombo ambacho maneno yake yote ya ndani yako katika kitabu cha kigeni kitabaki mgeni, hata kikilala nyumbani kwetu miaka hamsini.

Aidha, haki inatutaka tukumbuke kwamba Addis Ababa imezungukwa na Waoromo, ambao huuita mji huo Finfinne, na ambao lugha yao sikuiona katika vibao nilivyovisoma. Kila kibao huamua nani ni mwenyeji na nani ni mpita njia. Sisi wenye Kiswahili, lugha isiyokuwa mali ya kabila moja, tumepewa neema ambayo majirani wengi wanaitamani, nasi twaichezea.

Nawaomba basi walimu wenzangu wasiwafundishe wanafunzi majina ya jembe na jahazi pekee. Wapelekeni steji na stesheni wakiwa na daftari, waorodheshe kila kitu wanachokiona, kuanzia breki hadi nyaya, kisha waulizeni makanga, fundi na dereva wanakiitaje. Penye jina, liandikwe. Pasipo na jina, darasa lijadili na lipendekeze. Kamati za wataalamu zina kazi yake, lakini Legehar haikusubiri kamati, wala matatu. Vyombo vipya vitakuja tupende tusipende, na lugha itakayovipokea mlangoni ndiyo itakayoketi navyo sebuleni.