Lugha na Maandishi katika Historia ya Taifa la Ethiopia

Utangulizi

Historia ya Ethiopia, nchi ambayo Waswahili wa zamani waliijua kwa jina la Uhabeshi, aghalabu huelezwa kama historia ya wafalme. Husimuliwa habari za Malkia wa Sheba aliyemzalia Suleimani mwana, kisha ukoo huo hufuatwa kizazi baada ya kizazi mpaka kwa Haile Selassie, aliyeondolewa madarakani mwaka 1974. Masimulizi hayo yana nafasi yake katika fasihi, lakini hayatoshi kueleza ni kitu gani kinachoiunganisha Ethiopia ya kale na ya leo. Nasaba za wafalme zilikatika, miji mikuu ilihama, na mipaka ilipanuka na kusinyaa. Jambo lililodumu kuliko mengi mengine ni desturi ya kuandika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maandishi ndiyo yaliyoipa nchi hiyo kumbukumbu yake ndefu, na kwamba maandishi hayo hayo yalizua mgogoro mkubwa: je, taifa ni la nani, iwapo lugha za watu wake wengi hazimo katika kumbukumbu hiyo?

Aksum na hati ya Kigeez

Ushahidi wa ustaarabu wa kale katika nyanda za juu za kaskazini hupatikana Yeha, ambako lingali limesimama hekalu la mawe lililojengwa yapata karne ya 7 K.K. Maandishi ya zama hizo yalichongwa kwa hati iliyotumika pia Arabuni ya Kusini. Wataalamu wa Ulaya walishikilia kwa muda mrefu kwamba ustaarabu huo uliletwa na wahamiaji kutoka ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Utafiti wa baadaye umetilia mkazo mizizi ya wenyeji, ambao walichukua kwa jirani kile walichokihitaji.

Kufikia karne ya 1 B.K. dola ya Aksum ilikuwa imeanza kustawi. Kitabu cha Kiyunani cha kuwaongoza mabaharia, kijulikanacho kama Periplus, kinataja pembe za ndovu zilizouzwa katika bandari yake ya Adulis. Na kitabu hicho hicho ndicho kinachoeleza habari za Rhapta, bandari ya pwani ya Afrika Mashariki. Tangu karne ya 3 Aksum ilipiga sarafu zake yenyewe. Yafaa kuzingatia lugha zilizotumika. Sarafu za dhahabu, zilizofaa biashara ya nje, ziliandikwa hasa kwa Kiyunani, ilhali zile za fedha na shaba zilikuja kuandikwa Kigeez. Hivyo dola iligawa lugha zake kwa kadiri ya wasomaji iliowakusudia.

Mfalme Ezana, aliyetawala katika karne ya 4 na kuingia Ukristo kwa uongozi wa Frumentius, aliacha maandishi ya mawe kwa Kiyunani, kwa Kigeez na kwa hati ya Kisabea. Katika karne hiyo hati ya Kigeez ilipata badiliko kubwa. Hapo awali ilionyesha konsonanti tu. Sasa kila herufi ilipewa maumbo 7, na kila umbo likaonyesha irabu yake. Msomaji aliyepata kusoma tenzi za Kiswahili katika hati ya Kiarabu, yenye alama za irabu 3 ilhali Kiswahili kina irabu 5, atatambua mara moja thamani ya badiliko hilo. Kwa hati hiyo Biblia ilitafsiriwa, na Kitabu cha Henoko kimehifadhiwa kizima katika Kigeez peke yake.

Lugha ya kanisa na lugha ya mfalme

Yapata mwaka 615 mfalme wa Aksum, ambaye mapokeo ya Kiislamu humwita Najashi, aliwapokea wafuasi wa Mtume Muhammad waliokimbia mateso ya Makka. Baadaye dola hiyo ilififia, na Kigeez kikaacha kuwa lugha ya mazungumzo. Lakini kilibaki lugha ya ibada na elimu. Wafalme wa Zagwe, ambao zama zao zahusishwa na makanisa 11 ya Lalibela yaliyochongwa katika mwamba, walikuwa Waagaw wenye lugha ya Kikushi, na bado maandishi yao yalikuwa ya Kigeez. Mwaka 1270 Yekuno Amlak aliwapindua. Kitabu cha Kebra Nagast, yaani Utukufu wa Wafalme, kilichopata umbo lake katika karne ya 14, kikauhalalisha ukoo mpya kwa kuunasibisha na Suleimani.

Ikuluni watu walizungumza Kiamhara, kilichoitwa lugha ya mfalme. Nyimbo za kuwasifu wafalme tangu karne ya 14 ni miongoni mwa maandishi yake ya kale kabisa. Hata hivyo kumbukumbu za wafalme ziliendelea kuandikwa Kigeez, lugha iliyoeleweka na makasisi na wasomi wachache.

Nje ya duara hilo zilikuwako kumbukumbu nyingine. Harar ilikuwa na elimu ya Kiislamu na hati ya Kiarabu. Ahmad ibn Ibrahim, aliyewashinda Wakristo huko Shimbra Kure mwaka 1529 na kuuawa mwaka 1543, alitoka upande huo. Waoromo, walioenea kwa wingi katika karne ya 16, walihifadhi sheria na historia yao kwa mdomo kupitia mfumo wa Gadaa, ambao hukabidhi uongozi kwa rika jipya kila baada ya miaka 8.

Mkataba mmoja, maana mbili

Tewodros II, aliyetwaa ufalme mwaka 1855 baada ya zama ndefu za watemi waliogombana, aliandikiwa tarihi yake kwa Kiamhara. Huo ulikuwa mwanzo wa Kiamhara kushika nafasi ya Kigeez katika mambo ya dola. Waingereza walipoiteka ngome ya Magdala mwaka 1868, Tewodros alijiua, na miswada mingi ilichukuliwa kupelekwa Uingereza.

Umuhimu wa lugha katika uhai wa taifa ulidhihirika waziwazi chini ya Menelik II. Mkataba wa Wuchale uliotiwa sahihi tarehe 2 Mei 1889 uliandikwa kwa Kiamhara na Kiitaliano. Kwa mujibu wa ibara ya 17 katika Kiamhara, Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Katika Kiitaliano, Menelik amekubali kuitumia. Juu ya tofauti ya kitenzi kimoja Italia ilitangaza kwamba Ethiopia imo katika himaya yake. Menelik aliukana mkataba huo mwaka 1893, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yake yakawashinda Waitaliano Adwa. Mkataba wa Addis Ababa wa Oktoba mwaka huo uliufuta ule wa Wuchale na kuutambua uhuru wa Ethiopia. Eritrea ilibaki mikononi mwa Italia.

Pamoja na ushindi huo, yafaa ikumbukwe kwamba Menelik alikuwa akiziteka nchi za kusini. Wakulima wengi wa huko waligeuzwa watumishi katika ardhi yao wenyewe. Miaka 3 tu baada ya Adwa, mwaka 1899, Biblia nzima ilichapwa Uswisi katika lugha ya Kioromo, kwa juhudi za Onesimos Nesib na Aster Ganno, ambao wote wawili walipata kuwa watumwa. Walitumia hati ya Kigeez.

Karne ya 20 na baada yake

Italia iliikalia Ethiopia kuanzia mwaka 1936 hadi 1941. Haile Selassie alipolalamika mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva, Juni 1936, alisema kwa Kiamhara. Mbele ya wageni lugha hiyo ilikuwa sauti ya taifa zima. Nchini mwenyewe, katiba ya mwaka 1955 iliifanya kuwa lugha rasmi ya pekee, na mtoto wa Kioromo au wa Kisidama alianza shule kwa lugha asiyoijua.

Mapinduzi ya mwaka 1974 yaliung'oa ufalme, na mwaka 1975 ardhi ya vijijini ikataifishwa. Kampeni ya kisomo iliyoanza mwaka 1979 ilifundisha hatimaye kwa lugha 15, zote kwa hati ya Kigeez. Lakini utawala huo wa kijeshi uliwaua raia wake kwa maelfu, nao ukaanguka mwaka 1991. Mwaka huo huo Waoromo walichagua hati ya Kilatini. Eritrea ilijitenga mwaka 1993. Katiba ya mwaka 1995 ilizitambua lugha zote kuwa sawa, Kiamhara kikabaki lugha ya kazi ya shirikisho. Na mwaka 2020 serikali ilitangaza kuongeza Kioromo, Kitigrinya, Kisomali na Kiafar. Novemba mwaka huo huo vilizuka vita vya Tigray, vilivyosimamishwa kwa mapatano ya Pretoria mwaka 2022. Ni dhahiri kwamba usawa wa lugha katika sheria hautoshi kuondoa magomvi ya madaraka.

Hitimisho

Ethiopia haikuwa kitu kimoja kisichobadilika kwa miaka elfu mbili na zaidi. Kila zama ziliirithi hati na kuitumia kwa haja zake: kutangaza imani, kuhalalisha ukoo, kulinda uhuru, kutawala wengine, na hatimaye kudai haki. Hati ile ile iliyowatetea Waethiopia dhidi ya Italia ndiyo iliyowanyima baadhi yao nafasi katika nchi yao. Kwa hiyo mtafiti wa historia hiyo hana budi kusoma miswada ya Kigeez na tarihi za Kiamhara, na wakati huo huo kusikiliza mapokeo ya Gadaa ambayo hata Waborana wa Kenya ya kaskazini wangali wanayo. Akiacha upande mmoja, atakuwa ameandika historia ya watawala tu.