Nani Anaamua Houston? Utangulizi wa Siasa za Jiji

Mwanafunzi anayeingia katika taaluma ya siasa za miji ya Marekani kwa kawaida huanzishwa Atlanta na New Haven. Mwaka 1953 Floyd Hunter alichapisha utafiti wake kuhusu Atlanta, akadai kwamba mambo mazito ya mji ule yalikuwa yakiamuliwa na kikundi kidogo cha matajiri kabla hayajafika kwenye kikao chochote. Mwaka 1961 Robert Dahl akaja na kitabu kuhusu New Haven kilichoona kinyume: madaraka yametawanyika, kila suala lina wakubwa wake. Ubishi huo umelea vizazi vya watafiti, nami nauheshimu. Lakini anayenijia akitaka kuanza humwelekeza Houston, Texas. Huko pande zote mbili za ubishi zinapata ushahidi, na swali lao linapata umbo ambalo mtu yeyote anaweza kulishika: mvua ikinyesha, nani ameamua maji yapite mlangoni kwa nani?

Hunter angefurahi kuiona Houston ya zamani. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960 wafanyabiashara wakubwa wa jiji walikuwa wakikutana katika chumba 8F cha Hoteli ya Lamar, ambacho Herman Brown wa kampuni ya ujenzi ya Brown & Root alikuwa amekikodi. Jesse Jones, mwenye majengo, benki na gazeti la Houston Chronicle, alikuwa miongoni mwao. Mgombea umeya aliyekosa baraka za chumba kile alikuwa na safari ngumu. Nguvu ya watu hao ilionekana wazi mwaka 1960. Tarehe 4 Machi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas Southern, Waafrika Wamarekani, waliketi kwenye meza ya chakula ya duka la Weingarten, mahali ambapo mtu mweusi hakuhudumiwa. Maandamano yakaenea katikati ya jiji. Mwezi Agosti maduka kadhaa yakaanza kuhudumia watu wote kwa pamoja, na vyombo vya habari vya Houston vilikuwa vimekubaliana mapema kutotangaza lolote. Wapo wanaoisifu busara ya wafanyabiashara kwa utulivu ule. Mimi naona sifa hiyo inawadhulumu wanafunzi. Wao ndio waliolazimisha uamuzi; waliokuwa chumbani walichagua tu namna ya kuuficha.

Njia nyingine ya kufika madarakani ilipitia mahakamani. Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston, alizuiwa kupiga kura za maoni za Chama cha Democratic mwaka 1940 kwa sababu ya rangi yake, katika jimbo ambalo mshindi wa kura hizo ndiye aliyekuwa na uhakika wa kiti. Kesi yake ilitetewa na Thurgood Marshall, na mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta zuio hilo. Hata hivyo kupiga kura hakukutosha, kwani madiwani wote walichaguliwa na jiji zima na mtaa wa wachache haukuwa na mtu wake. Ilibidi Wizara ya Sheria ya Marekani iingilie kati, kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, ndipo mwaka 1979 jiji likakubali kuwa na madiwani 9 wa kata na 5 wa jiji zima. Uchaguzi wa Novemba mwaka huo uliwaingiza barazani Ben Reyes, diwani wa kwanza mwenye asili ya Meksiko, na Eleanor Tinsley na Christin Hartung, wanawake wa kwanza. Miaka 2 baadaye Kathy Whitmire akashinda umeya. Chumba 8F hakikupinduliwa na hotuba. Kilizungukwa na mgawanyo mpya wa kata.

Leo baraza lina madiwani 16, wakiwamo 11 wa kata. Meya wa Houston ana nguvu kuliko mameya wengi wa Texas. Dallas na San Antonio zinaendeshwa na meneja aliyeajiriwa na baraza, ilhali Houston meya mwenyewe ndiye mtendaji mkuu, na kwa miaka mingi yeye peke yake alipanga ajenda ya kikao. Novemba 2023 wapigakura waliamua kwamba madiwani watatu wakiungana wanaweza kuingiza jambo kwenye ajenda hata kama meya hataki. Pembeni yuko mdhibiti wa fedha, naye huchaguliwa na wananchi. Vyama havitajwi kwenye karatasi ya kura ya jiji, ingawa kila mtu anajua nani ni wa wapi.

Muundo huo ni rahisi kuukariri, na mwanafunzi akiishia hapo atakuwa hajaiona Houston. Sehemu ngumu, na ndiyo tamu, ni ardhi.

Houston ndilo jiji kubwa kuliko yote nchini Marekani lisilo na sheria ya kutenga maeneo ya makazi, biashara na viwanda. Wakazi waliulizwa kwa kura mwaka 1948, 1962 na 1993, na mara zote tatu wakakataa. Wageni hulieleza hili kama uhuru mtupu wa soko, na huo ndio upotofu wa kwanza ninaojitahidi kuuondoa. Mahali pa sheria ya jiji pamechukuliwa na masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja: hapa pajengwe nyumba ya familia moja tu, hapa pasifunguliwe duka. Zamani hati nyingi zilikataza pia kumuuzia mtu mweusi, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kutekeleza sharti la namna hiyo. Tangu 1965 sheria ya Texas inamruhusu mwanasheria wa jiji la Houston kumshtaki anayekiuka masharti ya hati. Mtaa wenye chama imara cha wakazi, wakili wa kujitolea na makabrasha yaliyotunzwa vizuri unalindwa. Mtaa ambao masharti yake yamekwisha muda, au haukuwa nayo kamwe, unaweza kuamka ukakuta kiwanda cha zege jirani na shule. Kwa hiyo Houston ina mipango miji, ila ni mipango ya watu binafsi inayolindwa kwa fedha za umma, na wanaolindwa zaidi ni wale waliokuwa na uwezo tangu mwanzo.

Kisa cha Northwood Manor kinaonyesha maana yake. Mwaka 1979 wakazi wa mtaa huo wa kaskazini-mashariki, wengi wao Waafrika Wamarekani waliomiliki nyumba zao, waligundua kwamba kampuni ya taka ilikuwa imepata kibali cha kuweka dampo karibu nao. Walikwenda mahakamani wakiwakilishwa na Linda McKeever Bullard. Mume wake, Robert Bullard, aliyekuwa mwalimu kijana wa sosholojia pale Texas Southern, aliombwa kujibu swali moja: taka za Houston zimekuwa zikitupwa wapi? Yeye na wanafunzi wake walipekua kumbukumbu za jiji na kwenda kuyatazama maeneo yenyewe. Walikuta kwamba madampo yote 5 ya jiji yalikuwa katika mitaa ya watu weusi, pamoja na matanuri 6 kati ya 8 ya kuchomea taka, wakati watu weusi walikuwa takriban robo ya wakazi. Jaji aliyesikiliza ombi la kusimamisha dampo, Gabrielle McDonald, ambaye baadaye alisikiliza pia rufaa za mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha, alikiri kwamba kama angekuwa yeye mtoa kibali huenda angekinyima. Lakini sheria ilidai ushahidi wa nia ya kubagua, naye hakuuona wa kutosha. Wakazi walishindwa. Dampo likajengwa.

Kesi hiyo iliyoshindwa ni mojawapo ya machimbuko ya taaluma nzima inayoitwa leo haki ya mazingira, na kitabu cha Bullard cha mwaka 1990, Dumping in Dixie, bado kinasomeshwa. Nakitaja kisa hiki kwa mapana kwa sababu ya njia iliyotumika. Bullard hakusubiri mtu akiri ubaguzi. Aliorodhesha anwani na kuuliza zinafanana katika nini. Mwenye daftari na uvumilivu anaweza kufanya hivyo hivyo katika mji wowote.

Sasa maji. Houston imejengwa juu ya tambarare, na maji yake huondoka kwa njia ya mito ya polepole iitwayo bayou: Buffalo, Brays, White Oak na mingineyo. Baada ya mafuriko ya 1929 na 1935, bunge la Texas liliunda mwaka 1937 mamlaka ya kudhibiti mafuriko ya Kaunti ya Harris, na wahandisi wa jeshi la Marekani wakajenga mabwawa ya Addicks na Barker katika miaka ya 1940. Hapo mgeni hupotea. Mifereji ya mtaani ni ya jiji. Bayou ni za mamlaka ya kaunti, ambayo bosi wake ni Baraza la Makamishna lenye makamishna 4 na Jaji wa Kaunti, kiongozi mkuu wa kaunti ambaye kwa kweli hasikilizi kesi. Mabwawa ni ya jeshi. Nje ya mipaka ya jiji, wanakoishi takriban watu milioni 2 wa kaunti, maji safi na majitaka viko chini ya wilaya ndogo ndogo za huduma ambazo wakazi wengi hawajui hata majina ya wajumbe wake.

Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilimwaga zaidi ya mita moja ya mvua katika sehemu kadhaa za jiji na kujaza maji zaidi ya nyumba 150,000 katika kaunti. Zilikuwamo nyumba zilizojengwa katika ardhi ambayo mabwawa yalikusudiwa kuitumia yanapojaa, kwa idhini ya serikali za mitaa. Mwaka mmoja baadaye wapigakura waliidhinisha kwa takriban asilimia 85 mkopo wa hatifungani wa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya udhibiti wa mafuriko. Ndipo siasa halisi ikaanza: bayou ipi itangulie? Kanuni iliyozoeleka hulinganisha gharama ya mradi na thamani ya mali itakayookolewa. Inasikika kama hesabu isiyo na upande, lakini nyumba ya bei kubwa huhesabiwa kuwa faida kubwa, na mtaa wa maskini hubaki nyuma foleni baada ya foleni. Wakazi wa kaskazini-mashariki walilipigia kelele jambo hili, na mwaka 2019 Baraza la Makamishna, likiongozwa na Jaji wa Kaunti Lina Hidalgo, likapitisha utaratibu uliozingatia pia udhaifu wa kijamii wa wakazi. Wapo wanaouita upendeleo. Naamini ulikuwa usawa uliochelewa, na kila mtafiti wa siasa za miji anapaswa kujifunza kusoma kanuni kama hizo kwa umakini uleule anaosomea hotuba za wagombea.

Baada ya jiji na kaunti, mlango wa tatu wa maamuzi uko Austin, makao makuu ya jimbo. Mwaka 2021 ofisi ya ardhi ya Texas iligawa dola bilioni moja hivi za serikali ya shirikisho za kuzuia mafuriko, na katika mgao wa kwanza Houston haikupata hata senti. Machi 2022 wizara ya nyumba ya shirikisho ilisema vigezo vilivyotumika viliwabagua wakazi kwa rangi na asili. Ofisi ya jimbo ilikana. Juni 2023 jimbo liliiweka kando bodi ya shule ya Houston iliyochaguliwa na wananchi na kuteua wasimamizi wake. Mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria ya kuinyima miji mamlaka ya kutunga kanuni katika nyanja nyingi, na Houston ikaenda mahakamani kuipinga. Utafiti unaoishia kwenye ukumbi wa baraza la jiji umepitwa na wakati.

Nyaraka za kuanzia ni za umma: ajenda za baraza, bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, ramani za kata, majalada ya mahakama. Zingatia pia kwamba meya wa Houston huchaguliwa na sehemu ndogo ya wapigakura waliojiandikisha. Mwaka 2023 hawakufika robo, jambo linaloyapa makundi madogo yaliyojipanga uzito mkubwa kuliko idadi yao.

Wapo wasomaji wa Kiswahili ambao kwao haya si mambo ya mbali. Familia kutoka Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi zinaishi Houston, zinalipa kodi ya majengo kupitia pango la nyumba, na watoto wao wako katika shule hizo. Kura ni ya raia, lakini kwenye kikao cha wananchi cha baraza la jiji asiye raia naye hujiandikisha na kusema. Kama uko huko, nenda ukasikilize, kisha ujiandikishe useme. Kama uko mbali, chukua bajeti ya halmashauri yako mwenyewe, tafuta fungu la mitaro, na uandike majina ya mitaa iliyopewa na iliyonyimwa.