Je, Wajua? Roboti Huuzwa Bila Kiganja

Je, wajua kuwa roboti ya kiwandani inapotoka kwa mtengenezaji haina kiganja? Kinachofika kwenye kreti ni mkono mtupu wenye viungo, kwa kawaida sita, na mwisho wake ni kisahani cha chuma chenye matundu ya bolti. Haijui kushika chochote. Aliyeinunua ndiye anayeitafutia vidole kulingana na kazi yake, na hapo ndipo akili ya fundi inapotakiwa. Chukua mizigo tunayoiona Dodoma kila siku. Katoni ya mvinyo wa zabibu hunyanyuliwa vizuri na vikombe vya mpira vinavyofyonza hewa. Vikombe hivyohivyo ukivipeleka kwenye kiroba cha alizeti vitashindwa, kwa sababu hewa inapenya katikati ya nyuzi za kiroba na mvuto unapotea. Kiroba kinataka makucha yanayoingia chini yake kutoka pande mbili.

Makucha nayo yana uzito, na wanunuzi wengi husahau kuuhesabu. Mkono unaoweza kubeba kilo 60, ukivalishwa makucha ya kilo 20, umebakiwa na kilo 40. Kiroba cha kilo 50 hauwezi tena.

Je, wajua kuwa mwinuko wa Dodoma unaihusu roboti? Ukiwa katika kata ya Mkonze, kama ilivyo kwenye sehemu kubwa ya Jiji la Dodoma, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Vitabu vingi vya watengenezaji huitaja mita 1,000 kuwa mpaka wa kufanya kazi bila masharti. Ukipanda zaidi hewa inakuwa nyepesi, haipozi mota na vifaa vya umeme vizuri kama inavyofanya Dar es Salaam, hivyo inabidi kumuuliza mtengenezaji au kuipunguzia mashine mzigo na kasi. Ongeza vumbi la kiangazi na upepo wake. Roboti inayofanya kazi penye vumbi huvalishwa koti la kitambaa maalumu, na chujio za kabati lake la umeme husafishwa mara kwa mara.

Je, wajua kuwa umeme ukikatika, mkono wa roboti hauporomoki? Kwa kawaida viungo vyake vina breki zinazojifunga zenyewe umeme unapoondoka. Kumbukumbu ya mahali kila kiungo kilipo hutunzwa na betri. Roboti nyingi za FANUC ya Japani hutumia betri nne kubwa za saizi ya tochi, ambazo hubadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Fundi asiyefundishwa huizima kwanza, kama ambavyo mtu yeyote mwangalifu angefanya. Akishazitoa betri, roboti inasahau ilipo, na kazi ya kuirudisha kwenye alama zake, kiungo kwa kiungo, inaweza kula saa nyingi za uzalishaji. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumweleza mwajiri anayeona mafunzo ni gharama ya ziada.

Je, wajua kuwa roboti za kwanza za kupaka rangi zilifundishwa na wapaka rangi? Katika mji mdogo wa Bryne, Norway, kiwanda cha Trallfa kilikuwa kikitengeneza matoroli. Kazi ya kuyapulizia rangi ilikuwa ya moshi na harufu kali, na watu wa kuifanya walikuwa haba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi Ole Molaug aliunda mkono ambao mpaka rangi mzoefu aliushika na kuuongoza, akilizunguka toroli kama alivyozoea, huku mashine ikirekodi kila mwendo kwenye utepe wa sumaku. Kisha mkono uliurudia mwendo ule peke yake. Mhandisi alijua mota na nyaya, lakini namna ya kuzungusha mkono pembeni mwa toroli ili rangi isichuruzike ilitoka kwa mpaka rangi.

Je, wajua kuwa kitufe muhimu kuliko vyote humlinda hata aliyeshtuka? Anayeifundisha roboti hushika kidhibiti chenye skrini, mfano wa rimoti kubwa, na nyuma yake kuna swichi ya ngazi tatu. Ukiibonyeza nusu, roboti inaweza kutembea. Ukiiachia, inasimama. Ukiiminya hadi mwisho, inasimama pia. Sababu ni kwamba mtu aliyeshtuka huachia alichoshika, au hukikaza kwa nguvu zote, na hakuna ajuaye mapema atafanya lipi. Wakati huo wa kufundisha, kanuni za kimataifa huizuia roboti isizidi sentimita 25 kwa sekunde, ili aliye karibu apate nafasi ya kukwepa.

Kanuni hizi zina historia ya uchungu. Tarehe 25 Januari 1979, kwenye kiwanda cha kusubu vyuma huko Flat Rock, Michigan, mfanyakazi alipanda kwenye rafu kuchukua vipuri kwa mkono. Mkono wa mashine ukampiga kwa nyuma, akafa. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti.

Je, wajua kuwa Kongo waliweka roboti barabarani? Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha Kinshasa roboti za kuongoza magari, zilizotengenezwa hukohuko kwa alumini ili zihimili joto na unyevu, na zilizotumia umeme wa jua. Lubumbashi nayo ilipata zake. Kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali, mashine za Sandvik zisizo na dereva huzoa mawe chini ya ardhi, na waendeshaji wake wamekaa juu mbele ya skrini.

Je, wajua kuwa fundi aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kupata cheti bila kuanza darasa la mwanzo? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo fundi hupimwa kwa anachokijua, akajaziwa alichopungukiwa. Upo pia uanagenzi pacha, mwanafunzi akigawa muda wake kati ya chuo na kiwanda. Njia zote mbili zinamfaa mchomeleaji wa Mkonze anayetengeneza mageti, ambaye jicho lake linahitajika hata penye roboti, kwa kuwa roboti ya kuchomelea kwa kawaida hupita palepale ilipofundishwa. Vyuma vikikatwa kwa kupishana milimita chache, moto unaangukia pembeni ya maungio na mashine inaendelea tu na kazi. Mchomeleaji mzoefu huona pengo kabla hajawasha moto, na husikia kwa sauti kwamba umeme umezidi. Kiwanda kinachonunua roboti ya kuchomelea kinamhitaji mtu huyo kabla ya kreti kufunguliwa: apange vyuma vitakavyobanwa vipi, na mkono upite wapi.