Je, Wajua? Shea ilivyoagwa kwa kipigo

JE, WAJUA kwamba Septemba 28, 2008 watu 56,059 walijaa Shea Stadium, huko Queens jijini New York, wakiwa na shughuli mbili kwa tiketi moja? Kwanza kulikuwa na mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, ambayo New York Mets walihitaji kushinda wakiwania kuingia hatua ya mtoano. Pili, walikuwa wanauaga uwanja wenyewe, ambao ulikuwa unabomolewa baada ya misimu 45. Mets walilala 4-2 mbele ya Florida Marlins, na sherehe ya kuaga ikaanza hapohapo, machozi ya kipigo hayajakauka. Aliyepanga sherehe iwe baada ya mechi badala ya kabla alikuwa mtu wa imani kubwa.

JE, WAJUA kwamba uwanja huo ulipewa jina la mwanasheria? William Shea hakuwa mchezaji wala kocha. Mwaka 1957 timu mbili za New York, Dodgers na Giants, zilifunga virago zikahamia California, na jiji hilo kubwa likabaki na Yankees peke yao. Shea ndiye aliyepigana hadi timu mpya ikapatikana. Mets walianza kucheza mwaka 1962, bluu wakiirithi kwa Dodgers na rangi ya chungwa kwa Giants. Msimu wao wa kwanza walipoteza mechi 120. Mashabiki wakawapenda hivyohivyo.

JE, WAJUA kwamba Shea ilibatizwa? Mwezi Aprili 1964, siku moja kabla ya mechi ya kwanza, William Shea alimimina uwanjani maji ya chupa mbili: moja ilichotwa mfereji wa Gowanus, upande wa Brooklyn walikokuwa wakicheza Dodgers, na nyingine Mto Harlem, unaopita karibu na ulipokuwa uwanja wa Giants. Aliyewahi kupita karibu na mfereji wa Gowanus na kunusa harufu yake atakubali kwamba ubatizo huo ulihitaji ujasiri. Kesho yake Mets walifungwa 4-3 na Pittsburgh Pirates.

JE, WAJUA kwamba eneo la jirani, Flushing Meadows, zamani lilikuwa jalala la majivu ya makaa ya mawe? Ndilo bonde la majivu analolieleza F. Scott Fitzgerald katika riwaya yake ya The Great Gatsby ya mwaka 1925.

JE, WAJUA kwamba hata wapenzi wa Shea hawakuwahi kuuita uwanja mzuri? Ndege za LaGuardia zilipita juu kwa kishindo, kiasi kwamba mrushaji aliweza kusimama kidogo akisubiri kelele zipungue. Ulijengwa utumike kwa besiboli na kwa futiboli ya Kimarekani, na baadhi ya majukwaa ya chini yalisogezwa juu ya reli kulingana na mchezo wa siku hiyo. Matokeo yake ni yale ya kila kitu kinachotaka kufaa kwa kazi mbili: watazamaji wengi wa besiboli walikaa mbali na mpira. Mwaka 1975 timu nne ziliutumia uwanja huo mmoja, Mets na Yankees kwa besiboli, Jets na Giants wengine, wa futiboli, kwa futiboli ya Kimarekani. Nyasi zake zilikoma.

JE, WAJUA kwamba Mei 31, 1964 Mets na San Francisco Giants walicheza hapo mechi ya awamu 23? Mechi ya kawaida ina awamu tisa. Ilichukua saa 7 na dakika 23, na ilikuwa mechi ya pili ya siku hiyo.

JE, WAJUA kwamba Beatles walipotumbuiza Shea Agosti 15, 1965 mbele ya watu 55,600, walishindwa kujisikia wenyewe kwa mayowe ya mashabiki? Julai 2008 Billy Joel alipofanya matamasha ya mwisho uwanjani hapo, Paul McCartney alipanda jukwaani akaimba naye. Yaani mtu yuleyule aliufungua kwa muziki na akaufunga. Kati ya tarehe hizo mbili alipita hata Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1979.

JE, WAJUA kwamba umeme wa New York ulipokatika usiku wa Julai 13, 1977, Mets walikuwa katikati ya mechi na Chicago Cubs? Giza lilimkuta mpigaji akiwa na gongo mkononi.

JE, WAJUA kwamba Oktoba 25, 1986 ubao wa Shea uliwapongeza Boston Red Sox kwa ubingwa ambao hawakuupata? Mets walibakiza mpigaji mmoja tu kabla ya kupoteza fainali. Waliokuwa wakiendesha ubao wakawahi kuandika pongezi, zikamulika kwa muda mfupi. Kisha Mets wakapata mikimbio mitatu, wa mwisho baada ya mpira wa kuviringika uliopigwa na Mookie Wilson kupita katikati ya miguu ya Bill Buckner wa Boston. Siku mbili baadaye Mets wakawa mabingwa.

JE, WAJUA kwamba Septemba 21, 2001, siku kumi baada ya mashambulizi ya majengo pacha, Shea ndiyo iliyorudisha michezo ya kulipwa jijini New York? Siku zilizotangulia, eneo lake la kuegesha magari lilikuwa ghala la misaada ya waokoaji. Awamu ya nane Mike Piazza aliupiga mpira ukavuka uzio, Mets wakaongoza na kushinda 3-2. Ukimuuliza shabiki wa Mets kwa nini alililia zege bovu, huenda akakutajia usiku huo kabla ya ubingwa wowote.

JE, WAJUA kwamba kipigo cha 2008 kilikuwa marudio? Mwaka 2007 Mets waliongoza kundi lao kwa tofauti ya mechi saba zikiwa zimebaki mechi 17. Walizitapanya zote. Siku ya mwisho, mrushaji mkongwe Tom Glavine aliruhusu mikimbio saba kabla hata awamu ya kwanza haijaisha, na Mets wakafungwa 8-1. Na nani? Marlins.

JE, WAJUA kwamba kocha wa Mets, Willie Randolph, alifukuzwa usiku wa manane? Ilikuwa Juni 2008, timu ikiwa California, na ilikuwa imetoka kushinda mechi. Taarifa ilitolewa New York ikiwa imeshapita saa tisa usiku, wakati magazeti mengi yamekwisha kuchapwa. Jerry Manuel akachukua usukani, timu ikafufuka, na hadi katikati ya Septemba ilikuwa tena kileleni, mechi 17 zikiwa zimebaki. Shabiki yeyote mwenye kumbukumbu alianza kutafuna kucha.

JE, WAJUA ni nini hasa kiliwaua? Warushaji wa akiba, wale wanaoingia mechi ikielekea mwisho. Mfungaji mechi wao, Billy Wagner, aliumia kiwiko, na waliobaki waliruhusu mechi zilizokuwa mkononi ziponyoke. Lakini wapigaji nao wasijifiche. Septemba 24, dhidi ya Cubs, matokeo yakiwa 6-6 katika awamu ya tisa, kijana Daniel Murphy alifika besi ya tatu bila mchezaji yeyote wa Mets kutolewa. Ulihitajika mpira mmoja wa kawaida tu kumleta nyumbani, na alifuata David Wright, kipenzi cha uwanja mzima. Wright akakosa. Waliomfuata nao wakashindwa kumleta. Awamu ya kumi Cubs wakamaliza kazi, 9-6. Mets walikosa mtoano kwa mechi moja, basi ihesabu hiyo.

JE, WAJUA kwamba ushindi wa mwisho wa Mets katika uwanja ule uliletwa na mtu mwenye goti lililochanika? Septemba 27 Johan Santana, raia wa Venezuela, aliomba mpira akiwa amepumzika siku tatu tu, badala ya nne za kawaida. Alirusha mara 117, akamaliza awamu zote tisa peke yake, Marlins hawakupata hata mkimbio mmoja, 2-0. Msimu ulipoisha alipelekwa kufanyiwa upasuaji wa goti la kushoto. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo mechi ambayo ingefaa iwe ya kuaga.

JE, WAJUA kwamba kesho yake macho ya watu yalikuwa sehemu mbili? Mets na Milwaukee Brewers walikuwa sawasawa wakigombea nafasi moja ya mtoano, na Brewers walikuwa wakicheza na Cubs saa hizohizo. Marlins walitangulia 2-0. Awamu ya sita Carlos Beltran akaupiga mpira nje ya uzio, 2-2, uwanja ukatikisika. Huo ndio mpira wa mwisho mchezaji wa Mets kuutoa nje ya uzio wa Shea. Awamu ya nane Mets wakaingiza warushaji wawili wa akiba, na kila mmoja akakaribishwa kwa mpira kuvuka uzio: Wes Helms, kisha Dan Uggla, wakifuatana. Milwaukee nako Ryan Braun alikuwa amefanya hivyohivyo, Brewers wakashinda 3-1. Ryan Church ndiye mpigaji wa mwisho. Mpira wake ulipaa katikati ya uwanja, ukadakwa, ukawa mwisho wa msimu na wa Shea kwa pamoja.

JE, WAJUA kwamba maelfu hawakuondoka? Walizomea kwanza, haki yao. Kisha nyota wa zamani wakaanza kuingia: Willie Mays, Yogi Berra, Dwight Gooden, Darryl Strawberry na wenzao. Tom Seaver, mrushaji wa ubingwa wa 1969, akarusha mpira wa mwisho kabisa, Piazza akiwa mdakaji. Wawili hao wakatoka pamoja kupitia lango la nyuma ya uwanja. Waliokuwa wamezomea nusu saa kabla sasa walikuwa wanapiga makofi, na sioni mgongano wowote hapo.

JE, WAJUA kwamba ndani ya wiki moja New York ilizika viwanja viwili? Septemba 21 Yankees waliuaga uwanja wao wa mwaka 1923 kwa ushindi wa 7-3 dhidi ya Baltimore Orioles. Nao walikosa mtoano, jambo lililokuwa halijawatokea tangu 1993. Tofauti ni kwamba Yankees walijua mapema. Mets walisubiri hadi pumzi ya mwisho.

JE, WAJUA kwamba si mashabiki wote huaga kwa adabu? Philadelphia, Oktoba 1, 1970: timu ikiwa imemaliza msimu mbaya, watu waling'oa viti vya Connie Mack Stadium na hata sinki la choo. Washington, Septemba 30, 1971: Senators waliokuwa wanahamishiwa Texas waliongoza Yankees 7-5, amebaki mpigaji mmoja tu atolewe, mashabiki wenye hasira wakavamia uwanja. Waamuzi wakawapa Yankees ushindi wa mezani, 9-0.

JE, WAJUA kwamba Detroit mashabiki waliukumbatia uwanja, kwa maana halisi? Mwaka 1988 walishikana mikono wakauzunguka Tiger Stadium kutaka usibomolewe. Haikusaidia. Septemba 27, 1999, katika mechi ya mwisho pale, msimu ambao Tigers walipata vipigo 92, wachezaji waliingia na namba za wakongwe mgongoni. Gabe Kapler hakuwa na namba, kwa heshima ya Ty Cobb, aliyecheza enzi ambazo jezi hazikuwa na namba. Robert Fick akaupiga mpira ukagonga paa, na Tigers wakashinda 8-2. Uwanja ulipobomolewa na magugu kuota, wananchi wenyewe walikwenda na mashine zao kufyeka nyasi, bila kulipwa.

JE, WAJUA kwamba Oakland walikuja kwa wingi kumfukuza tajiri? Juni 2023 mashabiki 27,759 walifika kwa makusudi wakiwa na fulana za kijani zinazomtaka mmiliki auze timu yao, Athletics. Timu ilipoteza mechi 112 mwaka huo. Mechi ya mwisho pale kabla ya timu kuhama, Septemba 26, 2024, walikuja 46,889, na Athletics wakashinda 3-2. Hakuna aliyewaambia tena kwamba jiji lao halina mashabiki.

JE, WAJUA kwamba Montreal Expos ya Kanada ilizaliwa na kufia Shea? Mechi yao ya kwanza kabisa ilichezwa hapo mwaka 1969, na ya mwisho hapo Oktoba 3, 2004, kabla ya timu kuhamishiwa Washington. Mechi yao ya mwisho nyumbani, siku chache kabla, walinyukwa 9-1 na Marlins. Hawa Marlins wana mkono wa mazishi.

JE, WAJUA kwamba viti viwili vya Shea viliuzwa kwa dola 869? Nambari 86 ni ya ubingwa wa 1986, na 69 ni ya 1969. Wauzaji hawakosi mahali pa kukuchomoa pesa hata kwenye msiba.

JE, WAJUA kwamba uwanja uliofuata, Citi Field, una viti takriban 42,000 tu? Kipande cha mwisho cha Shea kiliangushwa Februari 2009, na pale ilipokuwa pakawa maegesho. Alama zimewekwa chini kuonyesha zilipokuwa besi na kilima cha mrushaji, hivyo unaweza kuegesha gari lako juu ya historia. Sura ya nje ya Citi Field iliigwa kutoka Ebbets Field, uwanja wa Dodgers, na mashabiki wengi walihoji, kwa haki kabisa, Mets wenyewe wako wapi katika nyumba yao.

JE, WAJUA kwamba Aprili 13, 2009, katika mechi ya kwanza ya ligi hapo, mpigaji wa kwanza kabisa, Jody Gerut wa San Diego Padres, aliupiga mpira ukavuka uzio? Mrushaji wa Mets, Mike Pelfrey, aliteleza akaanguka akiwa juu ya kilima. Paka akakatiza uwanjani. Matokeo yakiwa 5-5, mrushaji wa akiba Pedro Feliciano akafanya kosa la kusita katika mrusho, Padres wakapewa mkimbio wa bure, wakashinda 6-5. Mets walimaliza mwaka huo na vipigo 92.