Kifusi cha Mawe na Kuyeyuka kwa Barafu Milimani

Je, kifusi cha mawe kilicho juu ya barafu ya milimani huilinda au huiyeyusha? Jibu hutegemea unene wake. Tabaka jembamba, la sentimeta 1 hivi, hufyonza joto la jua na kulipitisha upesi, hata barafu ikayeyuka haraka kuliko ile iliyo wazi. Tabaka nene huzuia joto lisipenye. Gunnar Østrem alilionyesha jambo hili mwaka 1959 kwa vipimo vilivyofanywa Sweden. Huko Nepal, sehemu ya chini ya mto wa barafu wa Khumbu imefunikwa na mawe mengi; hata hivyo joto hupenya kupitia madimbwi na kuta za barafu zisizofunikwa. Basi akadiriaye maji yatokayo huko hana budi kuupima pia unene wa kifusi.