Homa ya Bonde la Ufa: Kwa nini jaribio moja la mnyama halitoshi

MNAMO 1930, wana-kondoo walianza kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Nakuru. Wachungaji nao wakashikwa na homa. Mwaka uliofuata, watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya virusi vilivyosababisha maradhi hayo, ambayo sasa huitwa Homa ya Bonde la Ufa. Mkurupuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya.

Tangu enzi hizo, panya, kondoo, mbuzi na tumbili wametumiwa kuuchunguza ugonjwa huu. Je, matokeo yasipolingana, daktari ashike lipi?

Chukua mfano wa panya. Katika utafiti uliochapishwa 1982, wale wa ukoo wa Wistar-Furth walikufa upesi walipoambukizwa, ilhali wa ukoo wa Lewis walistahimili. Aliyechunguza ukoo mmoja pekee angetoa hukumu tofauti kabisa na mwenzake.

Ndiposa wataalamu husisitiza kwamba majaribio yote kuhusu swali moja yakusanywe, yaliyofaulu na yaliyoambulia patupu, yapimwe ubora, kisha yajumlishwe kwa hesabu. Jaribio lenye wanyama wengi huwa na uzito zaidi. Aidha, huangaliwa iwapo wanyama waligawanywa kwa kura, na iwapo aliyepima matokeo alijua ni yupi aliyepewa dawa.

Kuipuuza hatua hiyo kuna gharama. Dawa ya kiharusi NXY-059 ilisifiwa kwa kuwasaidia wanyama, lakini ikashindwa katika jaribio kubwa la binadamu ambalo matokeo yake yalitangazwa 2006. Majaribio ya wanyama yalipojumlishwa baadaye, ilibainika kuwa yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi ndiyo yaliyoonyesha nafuu ndogo.

Hata hivyo, kuna matumaini. Chanjo ya ChAdOx1 RVF, iliyochunguzwa na Mkenya George Warimwe na wenzake, iliwakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe kulingana na matokeo ya 2016. Jaribio la kwanza kwa binadamu, lililoshirikisha watu 15 nchini Uingereza, lilichapishwa 2023.

Mfugaji wa Naivasha au Gilgil, ambaye mvua kubwa humtishia mifugo na uhai wake, anastahili kinga iliyopimwa kwa ushahidi wote, wala si kwa jaribio moja lililopendeza.