Je, Wajua? Kutoka Maua Hadi Thika: Miraa, Kahawa na Vidonge vya Maabara

Je, wajua kwamba miraa ya Maua ina binamu anayeuzwa kwenye duka la dawa kwa maagizo ya daktari? Jina lake ni bupropioni. Hutibu sonona, na pia humsaidia mtu kuacha sigara. Kwa kazi hiyo ya pili, Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Kinachompa mtafunaji handas ni kemikali iitwayo kathinoni. Mti wenyewe uliingia vitabuni mapema: Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefia Yemen mwaka 1763, aliuandikia maelezo, na kitabu chake kikachapishwa 1775. Kathinoni ilitambuliwa katika maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975. Miaka 200 kamili! Sababu ya kuchelewa huko madereva wa pikapu za Igembe wanaijua bila kusoma kemia. Jani likinyauka, kathinoni yake hugeuka kathini, ambayo ni dhaifu, na mzigo unakosa bei. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakichunguza majani makavu, wakakuta kathini, wakadhani wamemaliza. Jani la mgomba linalofungiwa vibunda lingewaeleza kwamba kuna kitu kinachokimbia.

Sasa hapa ndipo panaponichekesha. Bupropioni iliundwa Marekani mwaka 1969 na Nariman Mehta wa kampuni ya Burroughs Wellcome, miaka 6 kabla ya kathinoni kuonekana ndani ya jani. Umbo la msingi ni lile lile. Tofauti ni atomu moja ya klorini iliyopachikwa kwenye pete ya kaboni, na fundo la kaboni nne lililotiwa upande wa naitrojeni. Kwa mabadiliko hayo machache, kitu cha kukesha nacho kikawa kitu cha kumezwa asubuhi kwa utaratibu.

Haikupita kirahisi, lakini. Iliidhinishwa 1985, ikaondolewa sokoni 1986 kwa sababu baadhi ya watu walipatwa na degedege kwa dozi kubwa, ikarudi 1989. Kilichorudi ni molekuli ile ile bila kubadilishwa hata atomu moja. Kilichopunguzwa ni kiwango cha juu anachoruhusiwa mgonjwa.

Binamu wengine hawakufika hospitalini. Mefedroni, iliyoundwa mara ya kwanza 1929, iliishia kwenye kumbi za starehe za Ulaya mpaka Uingereza ikaipiga marufuku 2010. Juni 2014 zamu ikawa ya miraa yenyewe, na Wameru wengi bado wanaizungumzia siku hiyo kwa uchungu. (Na ndiyo, muguka wa Embu ni mti wa spishi ile ile. Wauzaji wa pande zote mbili watanibishia.)

Tuzunguke mlima mpaka Othaya. Je, wajua kwamba kafeini ya kahawa, theofilini ya majani chai na theobromini ya kakao zina umbo moja? Zinatofautiana kwa vikundi vidogo vya kaboni na haidrojeni viitwavyo methili. Kafeini inavyo vitatu. Ondoa kimoja, unapata theofilini, ambayo Albrecht Kossel aliitoa kwenye majani chai mwaka 1888 na baadaye ikawa dawa ya pumu. Ondoa kingine badala ya hicho, umepata theobromini. Mkulima wa Nyeri mwenye mibuni chini na michai juu ya mteremko ana ndugu wawili shambani mwake.

Mjerumani Emil Fischer aliunda kafeini maabarani mwishoni mwa karne ya 19, bila hata punje ya kahawa, na mwaka 1902 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Kazi ya kuvutia zaidi ilifanywa Japan. Kadiri unavyokaa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ikishika vipokezi vyake, usingizi huja. Kafeini huziba vipokezi hivyo. Lakini vipokezi vya adenosini ni vya aina nne, na kafeini haichagui sana. Wanakemia wakalichukua umbo la kafeini, wakalibadilisha pembeni na kulirefushia mkia, mpaka likawa linashika zaidi aina moja tu, iliyo tele katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Ndiyo istradefilini, dawa ya kusaidia wagonjwa wa Parkinson. Japan iliiidhinisha 2013, Marekani 2019.

Na kafeini yenyewe, bila kuguswa, ni dawa ya watoto njiti wanaosahau kupumua. Jaribio lililohusisha watoto 2,006 lilionyesha mwaka 2007 kwamba waliopewa kafeini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufikia umri wa mwaka mmoja na nusu wakiwa hai na bila ulemavu. Molekuli ilikuwa inajulikana tangu 1819. Lililokosekana ni jaribio. Wala asije mtu akampa mtoto kijiko cha kahawa: dozi ya wodini hupimwa kwa uzito wa mtoto.

Je, wajua kuwa krimu ya upele ni mjukuu wa pareto? Sumu ya ua hilo la nyanda za baridi huua wadudu upesi lakini huharibika juani. Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walibadilisha sehemu zake dhaifu, na mwaka 1973 wakatangaza permethrini, inayostahimili jua. Leo imo kwenye vyandarua vya mbu na kwenye krimu ya kutibu upele. Mkulima wa pareto hakualikwa kwenye sherehe. Bidhaa za kiwandani ndizo zilizokuja kushindana na ua lake.

Ganda la muthiga, ambalo wazee hutafuna kwa kikohozi na jino, huwasha ulimi kama pilipili. Katika miaka ya 1970, Isao Kubo na Koji Nakanishi wa kituo cha ICIPE, Nairobi, walitenga kemikali zake, wakaona kwamba viwavi jeshi wakipakiwa kitu hicho kwenye jani hugoma kula. Moja waliipa jina muzigadiali, kutokana na jina la mti. Maabara kadhaa duniani zikashindana kuunda jamii hiyo ya molekuli. Dawa ya kiwandani haijatoka humo: ncha zake mbili zinazowasha hushika protini yoyote inayokutana nayo, ya adui na ya mwenye mwili.

Nitatoka kidogo mlimani niteremke Kwale, kwa sababu hadithi hii haina mfano. Mwaka 1972, Morris Kupchan wa Marekani alitangaza maitansini, kemikali kutoka kwenye kichaka cha Ethiopia kilicho jamii ya *Maytenus*. Iliua seli za saratani kwa kiasi kidogo ajabu, kwa kuzizuia kugawanyika. Lakini kilo nzima ya mmea ilitoa chembe tu. Wakatafuta jamaa yake mwenye nayo nyingi zaidi, wakampata Shimba Hills. Katika miaka hiyo ya 1970, zaidi ya tani 27 za kichaka hicho zilikusanywa huko kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Marekani.

Majaribio kwa binadamu yakavunja moyo. Sumu iliwaelemea wagonjwa kabla ya kuuelemea uvimbe, na maitansini ikawekwa kando.

Waliofuata waliuliza swali tofauti: je, tukiipeleka sumu mpaka mlangoni mwa seli ya saratani pekee? Wakaibadilisha ipate kishikizo chenye salfa, wakaiunganisha na kingamwili iitwayo trastuzumabu, ambayo hutafuta alama fulani kwenye baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili hushika seli, seli humeza mzigo wote, na sumu hufunguka ndani. Februari 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Kadcyla. Zaidi ya miaka 40 tangu Kupchan! Na siku hizi hakuna anayefyeka Shimba Hills, maana malighafi hutolewa na bakteria wanaofugwa kwenye mapipa ya kiwandani.

Dawa nyingi huishia pale maitansini ilipokwama mara ya kwanza. Katika kila kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, ni takriban moja inayofika sokoni. Na kabla ya hizo kumi kuna maelfu zilizobaki kwenye chupa.

Turudi juu, Mwea. Mchele wa pishori una maji, maji yana konokono, konokono ana kichocho. Je, wajua kwamba prazikwanteli, kidonge cha kichocho wanachopewa watoto shuleni, kilitoka kwenye familia ya molekuli zilizokuwa zikitazamiwa kutuliza akili? Kampuni ya Merck ya Ujerumani haikuridhika nazo kwa kazi hiyo. Bayer wakazijaribu kwa minyoo katika miaka ya 1970, na minyoo ikakakamaa.

Kila mtoto aliyekimeza anakumbuka uchungu wake. Kidonge hicho kina molekuli za aina mbili, zenye atomu zile zile katika mpangilio ule ule, ila zinatazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mkono mmoja huua minyoo. Mwingine hauna faida yoyote ya maana, ila unaongeza ukubwa wa kidonge na sehemu kubwa ya uchungu. Kuitenganisha mikono hiyo ni kazi ya gharama, ndiyo maana kwa miongo mingi watoto walimeza yote miwili, na wale wadogo kabisa hawakuwa na kidonge chao. Hatimaye mkono wa kazi ulitolewa peke yake, ukafanywa kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, kikajaribiwa kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6 nchini Kenya na Côte d'Ivoire. Desemba 2023 wakala wa dawa wa Ulaya alikikubali. Uganda ilianza kuwapa watoto wake 2025.

Je, wajua kwamba Robert Koch, mwenye Nobel ya 1905, alijaribu dawa visiwani Ssese, Ziwa Viktoria, 1906 na 1907? Ilikuwa Atoxyl, kemikali ya aseniki, kwa wagonjwa wa malale. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka na hawakuona tena. Hakuna aliyewauliza kwa namna ambayo leo tungeiita ridhaa. Huko Ujerumani Paul Ehrlich na Alfred Bertheim walionyesha 1907 kwamba umbo la Atoxyl lililokuwa likiaminiwa si sahihi. Walipolijua la kweli, wakaanza kulibadilisha kipande kwa kipande. Namba 606 ikawa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoanza kuuzwa 1910.

Kijidudu cha buba ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende. Kwa hiyo miaka ya 1920 sindano za jamii hiyo ya aseniki, na zile za bismathi, zilifika nyanda za juu za Kenya, vidonda vya buba vikakauka kwa siku chache, na sifa ya sindano ikaenea kila kijiji. Mpaka leo yuko mzee ambaye kwake daktari asiyemdunga hajamtibu.

Kemron je? Julai 1990 Rais Moi alitangaza kwamba watafiti wa KEMRI, wakiongozwa na Davy Koech, wamepata dawa ya UKIMWI: intaferoni kidogo sana ya kuwekwa mdomoni. Watu walipanda ndege kuja Nairobi. Ripoti za mwanzo zilitokana na wagonjwa waliopewa dawa bila kundi la kulinganisha nao. Majaribio ya baadaye yenye kundi hilo, likiwemo lililofanywa Kampala, hayakuona tofauti kati ya dawa na kidonge kitupu.

Ukitaka kuona kazi hiyo ikifanywa sawasawa, nenda Thika. Tenofoviri iliundwa Prague na Antonín Holý. Ilikuwa na kasoro moja: ina chaji za umeme zinazoizuia kupenya ukuta wa utumbo, kwa hiyo haikufaa kumezwa. Wanakemia wakaivika vipande vya kuficha chaji hizo, ambavyo mwili huvivua baada ya dawa kupita. Kidonge hicho, peke yake au kikiwa na emtrisitabini, kikaingia kwenye jaribio la kuzuia VVU, katika vituo 9 vya Kenya na Uganda, Thika kikiwa kimojawapo. Jozi 4,747 za wenzi, mmoja ana virusi, mwingine hana. Asiye navyo alipangiwa kwa bahati nasibu tenofoviri, mchanganyiko, au kidonge kitupu, na wala yeye wala muuguzi hakujua kipi ni kipi.

Waliopata virusi walikuwa 52 katika kundi la kidonge kitupu, 17 katika kundi la tenofoviri, 13 katika kundi la mchanganyiko. Julai 2011 kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu iliona inatosha. Kidonge kitupu kikasimamishwa kabla ya muda wake, na waliokuwa wakikimeza wakaanza kupewa dawa.